Kusoma Paneli ya Mota Isiyo na Mchoro: Kutambua Kila Kifaa na Kila Waya

Paneli nyingi za mota (masanduku yenye vifaa vya kuwasha na kulinda mota) utakazokutana nazo Dodoma hazina mchoro. Iwe mashine ya kukamua alizeti maeneo ya Kizota, vinu vya kukoboa na kusaga kuzunguka soko la mahindi la Kibaigwa, au pampu ya kisima kule Bahi na Chamwino, ukifungua mlango wa bodi unakuta kontakta mbili tatu (swichi za sumaku zinazowasha na kuzima mota), ovalodi iliyovaa vumbi (kifaa kinachoilinda mota isilemewe), na nyaya ambazo lebo zake zilishafutika. Aliyeifunga hayupo, na waliomfuata kila mmoja ameongeza waya wake. Msimu umeanza, magunia ya alizeti yamefika mlangoni, na mwenye mashine amesimama nyuma yako anataka kujua itawaka saa ngapi.

Hapo ndipo wengi huanza kubahatisha. Waya mmoja unahamishwa, kifaa kimoja kinarukwa, mota inazunguka, watu wanafurahi. Wiki mbili baadaye mota imeungua na kuisuka upya kunakula faida ya msimu. Pengine mtu amerushwa na umeme, na hilo halina fidia.

Ukweli ni kwamba paneli hujieleza yenyewe. Kila kifaa kina namba zilizopigwa mwilini mwake kiwandani, na kwa vifaa vinavyofuata viwango vya IEC (tume ya kimataifa ya umeme) namba hizo hazibadiliki sana, kiwe kimetoka Ufaransa, India au China. Rangi ya waya inaweza kukudanganya na ukubwa wa kifaa unaweza kukudanganya. Anza na namba za taminali, yaani sehemu za kufungia waya, na ufuate njia ya umeme hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: zima, funga, pima

Kazi ya kufunga na kubadilisha mfumo wa umeme nchini ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kama huna, tumia mwongozo huu kuielewa mashine yako na kuongea na fundi kwa lugha moja, lakini usiingize mkono ndani ya bodi.

Zima swichi kuu, weka kufuli lako na ukae na ufunguo mfukoni. Kisha pima kwa multimita iliyoandikwa CAT III (daraja la usalama wa mita), volti 600 au zaidi. Kwanza ipime mita yenyewe mahali unapojua pana umeme. Halafu pima ndani ya paneli: fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ethi (fezi ni nyaya za moto, nyutro ni waya wa kurudi, ethi ni waya wa ardhini). Ukimaliza, rudi ukapime tena pale penye umeme ili ujue mita haikufa katikati ya kazi. Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi kwa kazi hii. Inategemea mwili wako na sakafu unayosimama, na ardhi yetu wakati wa kiangazi huwa kavu kiasi kwamba taa inaweza isiwake wakati fezi ipo.

Kuna mambo manne yanayoua watu wanaoamini kwamba wameshazima. Upande wa juu wa breka kuu, pale kebo kutoka TANESCO inapoingia, unabaki na umeme hata breka ikiwa chini. Saketi ya kontroli inaweza kuwa inalishwa na breka nyingine kabisa, wakati mwingine kutoka chumba kingine. Jenereta ya kujiwasha inaweza kuamka ikidhani umeme umekatika. Kapasita za kurekebisha pawa fakta na kapasita zilizo ndani ya inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) hubaki na chaji baada ya kuzima: inveta iliyolishwa volti 400 hubeba takriban volti 565 za mkondo mnyoofu (DC) ndani yake. Subiri muda ulioandikwa kwenye lebo ya inveta, kisha pima kabla ya kugusa.

Hatua ya pili: soma mota kabla ya kusoma paneli

Fundi mzuri huanzia kwenye kibati cha maelezo kilicho mwilini mwa mota, kwa sababu kila kitu ndani ya paneli kimechaguliwa kwa ajili yake. Futa vumbi, piga picha, andika kilowati, volti, ampea, mizunguko kwa dakika na hezi. Mota ya kilowati 11 ya volti 400 hula karibu ampea 22 ikibeba mzigo wake kamili. Ya kilowati 7.5 hula karibu 15, na ya 5.5 karibu 11. Kwa volti 400, kadiria ampea mbili kwa kila kilowati. Hesabu hiyo inatosha kukuonyesha kama breka au kontakta iliyopo ni ya mota hii au iliokotwa tu stoo.

Angalia vizuri volti. Sta na delta ni namna mbili za kuunganisha koili tatu za mota, na sta-delta ni kuiwasha kwa sta kisha kuihamishia delta. Kibati kikisema 400 kwa delta na 690 kwa sta, mota hiyo kwa umeme wetu wa volti 400 hufungwa delta, na inaweza kuwashwa kwa sta-delta. Kikisema 230 kwa delta na 400 kwa sta, hiyo hapa kwetu hufungwa sta tu. Ukiipeleka delta, kila koili itapata volti 400 badala ya 230, na itaungua mbele ya macho yako. Mota ndogo nyingi ziko kundi hili la pili, na ndizo huharibiwa pale paneli ya sta-delta iliyotolewa kwenye mota kubwa inapohamishiwa kwenye mota ndogo.

Hatua ya tatu: fuata nyaya nene

Ndani ya paneli kuna saketi mbili zinazoishi pamoja. Moja ni ya nguvu: nyaya nene zinazobeba umeme mpaka kwenye mota. Nyingine ni ya kontroli: nyaya nyembamba, mara nyingi za milimita za mraba 1 au 1.5, ambazo kazi yake ni kuiamrisha kontakta ifunge au ifungue. Usizisome kwa pamoja. Maliza nene kwanza.

Anzia juu. Kebo kuu inaingia kwenye swichi au breka kuu. Kutoka hapo umeme hupita kwenye basibaa (vipande vya metali vinavyogawa umeme) au moja kwa moja kwenye breka ya kila mota, kisha kontakta, kisha ovalodi, kisha safu ya taminali chini ya paneli, kisha mota. Chora mistari mitatu kwenye karatasi na uweke kila kifaa mahali pake kadiri unavyokifikia.

Breka ya kawaida na breka ya mota hufanana kwa mbali. Breka ya mota ina kidude cha kuzungusha mbele chenye namba za ampea, tuseme kutoka 17 hadi 23. Maana yake inalinda dhidi ya shoti na dhidi ya mzigo kuzidi kwa pamoja, kwa hiyo usishangae ukikosa ovalodi chini ya kontakta yake. Breka isiyo na kidude hicho haiwezi kuilinda mota inayolemewa taratibu. Lazima iwe na mwenzake.

Ukishafika kwenye kontakta, hesabu. Kontakta moja na ovalodi moja ni kuwasha moja kwa moja, mfumo ambao mafundi huuita DOL, kifupi cha Kiingereza cha direct on line. Kontakta mbili zilizobanana, katikati zikiwa na kifaa cha kuzuia zisifunge pamoja, ni za kuzungusha mbele na nyuma, na utaona nyaya za fezi mbili zimebadilishana nafasi kati yao. Kontakta tatu, tayma moja na nyaya sita kwenda kwenye mota ni sta-delta. Boksi moja lenye kioo cha namba na vitufe ni inveta, na boksi lisilo na kioo cha kasi lakini lenye vidude vya kuweka muda wa kupanda na kushuka mara nyingi ni softi stata, kifaa cha kuiwasha mota taratibu.

Kwenye sta-delta, watu huchanganya kontakta ipi ni ipi. Tafuta ile ambayo taminali zake tatu za upande mmoja zimeunganishwa pamoja kwa kibati au kwa vipande vya waya: hiyo ndiyo ya sta, na mara nyingi ni ndogo kuliko wenzake kwa kuwa hubeba karibu theluthi moja ya mkondo wa mota. Mbili zilizobaki huwa na ukubwa sawa kwa sababu kila moja hubeba asilimia 58. Ambayo nyaya zake zinakwenda kwenye taminali za mota za U1, V1 na W1 ni kuu, na inayolisha W2, U2 na V2 ni ya delta.

Rangi za nyaya, na mtego wake

Tanzania imerithi rangi za Uingereza, na Uingereza ilizibadilisha. Kwa hiyo paneli moja inaweza kuwa na zama mbili ndani yake. Katika mfumo wa zamani fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Katika mfumo mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani chenye mstari wa njano katika yote mawili.

Soma tena sentensi hizo mbili. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Paneli iliyofungwa zamani na kufanyiwa matengenezo kwa kebo mpya inaweza kuwa na waya mweusi wa nyutro na waya mweusi wa fezi kwenye safu moja ya taminali. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha hapo. Mita ndiyo inayojua, na ukishajua, vika waya alama yake ili anayekuja asipite njia hiyo hiyo ya hatari.

Kwenye mashine zilizokuja na paneli yake kutoka nje, zinazofuata kiwango cha IEC 60204-1, kuna lugha nyingine ya rangi: nyeusi ni nguvu, nyekundu ni kontroli ya mkondo geu (AC), bluu ni kontroli ya mkondo mnyoofu, na rangi ya chungwa ni waya unaobaki na umeme hata swichi kuu ya mashine ikizimwa. Ukiona chungwa, simama utafute unatoka wapi.

Hatua ya nne: soma namba za kontakta

Hiki ndicho kifaa cha kukaa nacho muda mrefu, kwa sababu ukikielewa, umeelewa nusu ya paneli.

Juu kuna 1, 3 na 5, mara nyingi zikiandikwa pamoja na L1, L2 na L3. Chini kuna 2, 4 na 6, pamoja na T1, T2 na T3. Namba za tarakimu moja ni za nguvu siku zote. Umeme unaingia kwenye witiri na kutoka kwenye shufwa.

A1 na A2 ni ncha mbili za koili ya kontakta, ile inayoivuta ifunge. Baadhi ya kontakta zina A2 mbili, moja juu na moja chini, kwa urahisi wa kufunga waya. Ni nukta moja hiyo hiyo. Volti ya koili imeandikwa karibu na A1 na A2 au ubavuni: 24, 110, 230, 400. Volti ya koili haina uhusiano na volti ya mota. Mota ya volti 400 inaweza kuendeshwa na koili ya 24. Koili ya 400 hufungwa kati ya fezi mbili, na paneli ya namna hiyo inaweza isiwe na nyutro kabisa, jambo ambalo halina kasoro yoyote. Anayenunua kontakta mpya dukani kwa kutaja ampea tu, bila kutaja koili, ananunua nusu ya kifaa. Koili ya 230 ukiipa 400 itatoa moshi, na ya 400 ukiipa 230 itanguruma bila kuvuta.

Ampea nazo zimeandikwa mara mbili. AC-1 ni kwa mizigo tulivu kama hita. AC-3 ni kwa mota. Kontakta ile ile inaweza kuandikwa ampea 40 kwa AC-1 na 25 kwa AC-3. Muuzaji atakutajia 40. Wewe soma 25.

Namba za tarakimu mbili ni za kontakti saidizi, yaani swichi ndogo zinazosogea pamoja na kontakta. Hapa kuna kanuni ambayo ningependa kila mwanafunzi wa umeme aishike mapema: tarakimu ya kwanza ni nafasi tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema kazi. Ikiishia na 1 na 2, kontakti hiyo imefungwa wakati kontakta imelala, na hufunguka ikivuta. Ikiishia na 3 na 4, iko wazi wakati kontakta imelala, na hufunga ikivuta. Kwa hiyo 13 na 14 ni ya kufunga, 21 na 22 ni ya kufungua, 53 na 54 ni ya kufunga, 61 na 62 ni ya kufungua. Huhitaji kukariri orodha.

Tayma hutumia 5, 6, 7 na 8, maana kontakti yake huchelewa. 15, 16 na 18 ni kontakti ya kubadilisha: 15 ni ya pamoja, 16 imefungwa na itaachia muda ukitimia, 18 iko wazi na itafunga. Tayma maalumu za sta-delta mara nyingi huwa na 17, 18 na 28: 17 ya pamoja, 18 kwenda sta, 28 kwenda delta, zikiwa na pengo la sehemu ndogo ya sekunde katikati ili sta iachie kabisa kabla delta haijashika. Pengo hilo ni muhimu. Sta na delta zikishika pamoja ni shoti ya fezi zote tatu.

Hatua ya tano: ovalodi, kifaa kinachoonewa

Ovalodi hukaa chini ya kontakta, imechomekwa moja kwa moja au iko peke yake. Ina kidude cha kuweka ampea, kitufe cha kujaribu, kitufe cha kurudisha, na taminali nne: 95 na 96 zimefungwa kawaida, 97 na 98 ziko wazi kawaida. Ndani yake mna vibati vya metali mbili vinavyopinda vikipata joto la mkondo uliozidi. Vikipinda vya kutosha, 95 na 96 hufunguka, koili hukosa umeme, kontakta huachia. Ovalodi yenyewe haikati nyaya za mota. Huiamrisha kontakta ikate. Ndiyo maana 95 na 96 isipofungwa kwenye saketi ya kontroli, ovalodi ni pambo.

Kidude cha ampea huwekwa kwenye ampea za kibati cha mota. Isipokuwa kwenye sta-delta, pale ovalodi ikiwa imefungwa baada ya njia ya delta kugawanyika, kwenye nyaya za U1, V1 na W1. Hapo zidisha ampea za kibati kwa 0.58. Mota ya ampea 22 huwekwa karibu 12.8. Nimeona ovalodi za namna hii zimewekwa 22 na kila mtu akidhani mota inalindwa. Fuata waya kwa kidole mpaka ujue mgawanyiko uko wapi, ndipo uweke namba.

Swichi ndogo yenye H na A, au M na A, inaamua kama ovalodi itajirudisha yenyewe ikipoa. Kwenye pampu inayojiwasha kwa floti au kwenye mashine yoyote yenye mkanda na meno, iweke H au M ili mtu aje arudishe kwa mkono baada ya kuangalia sababu. Mashine inayojiwasha wakati mtu ameingiza mkono kutoa mashudu yaliyokwama haisamehi.

Na kuna ule waya mfupi uliounganisha 95 na 96 ili "mashine isizime-zime". Ukiukuta, uondoe, na umweleze mwenye mashine kwa upole kwamba kilichokuwa kinazima mashine kilikuwa kinaiokoa. Kinu kimejazwa kupita kiasi, beringi zimekaza, au fezi moja imepotea njiani. Tafuta kipi kati ya hivyo.

Hatua ya sita: fuata nyaya nyembamba

Saketi ya kontroli huanzia kwenye fyuzi ndogo au breka ndogo, wakati mwingine baada ya transfoma ya kushusha volti. Mpangilio wa kawaida wa DOL ni huu: fyuzi, kisha kitufe chekundu cha dharura chenye kichwa kama uyoga, kisha 95 na 96 ya ovalodi, kisha kitufe cha kuzima, kisha kitufe cha kuwasha, kisha A1. A2 inarudi kwenye nyutro. Sambamba na kitufe cha kuwasha kuna 13 na 14 ya kontakta yenyewe. Hiyo ndiyo inayoishikilia kontakta baada ya kidole kuondoka.

Ukielewa mstari huo, makosa mengi yanajitaja. Kontakta inavuta ukibonyeza na kuachia ukitoa kidole: angalia 13 na 14. Haivuti kabisa: umeme umekatika mahali fulani kati ya fyuzi na A1. Inawaka yenyewe ukirudisha umeme: 13 na 14 imeganda, au kitufe cha kuwasha kimeshoti. Sta inashika lakini haiendi delta: angalia tayma, kisha 21 na 22 ya kontakta ya sta, maana koili ya delta hupita humo.

Njia salama ya kupima ni umeme ukiwa umezimwa. Toa fyuzi ya kontroli, weka mita kwenye omu, ncha moja upande wa fyuzi unaokwenda kwenye saketi, nyingine kwenye A2. Bonyeza kitufe cha kuwasha. Kwa koili ya 230 ya kontakta ndogo unatarajia kusoma mamia ya omu. Ukisoma wazi, sogeza ncha ya kwanza mbele kifaa kimoja kimoja kuelekea A1 huku umebonyeza. Mahali usomaji unaporudi, umevuka kosa. Ukisoma karibu na sifuri, koili imekufa, au mita yako inapita kwenye transfoma. Itenganishe transfoma kwanza uangalie tena.

Kila waya unaoufuata, upe namba. Kanuni ni rahisi: waya zote zinazokutana bila kupita kwenye kifaa ni nukta moja na hubeba namba moja. Ukivuka kontakti, kitufe au koili, namba inabadilika. Kwa DOL ya kawaida hazifiki kumi.

Kwa pampu za visima, kati ya ovalodi na koili utakuta vifaa vya ziada. Rilei ya fezi huangalia kama fezi zote tatu zipo na kama mfuatano wake ni sahihi. Rilei ya maji ina waya zinazoshuka kisimani hadi kwenye elektrodi, ili pampu isizunguke kavu. Kuna pia swichi ya kuchagua mkono, sifuri au otomatiki. Rilei ya fezi huchukiwa sana vijijini, kwa kuwa baada ya matengenezo ya laini mfuatano wa fezi unaweza kubadilika na pampu ikakataa kuwaka. Dawa yake ni kubadilishana fezi mbili kwenye kebo inayoingia, umeme ukiwa umekatwa na TANESCO au kwenye swichi ya juu. Ukiiruka rilei, pampu itazunguka kinyume na kutoa maji ya kuchuruzika. Siku fezi moja ikipotea, mota iliyo mita nyingi chini ya ardhi itaungua bila mtu kusikia. Gharama ya kuivuta juu peke yake inazidi bei ya rilei.

Herufi zikiwepo kwenye lebo zinasaidia: Q kwa breka, K au KM kwa kontakta na rilei, F kwa fyuzi na ovalodi, S kwa vitufe, H kwa taa, T kwa transfoma, X kwa safu ya taminali, M kwa mota. Watengenezaji hutofautiana, kwa hiyo zichukue kama dokezo na uthibitishe kwa namba.

Hatua ya saba: boksi la mota

Fungua kifuniko. Kuna taminali sita: chini U1, V1, W1, na juu yake W2, U2, V2. Mpangilio huo una sababu. Vibati vikilala juu ya W2, U2 na V2 pamoja, ni sta. Vikisimama wima, U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2, ni delta. Kwa paneli ya sta-delta, boksi halipaswi kuwa na kibati hata kimoja. Kibati kilichosahaulika hapo ni shoti inayosubiri sta au delta ishike.

Kama nyaya sita zimetoka bila alama, tafuta jozi kwa mita: U1 inasoma na U2 pekee, V1 na V2, W1 na W2. Kutambua mwanzo na mwisho wa kila jozi ni kazi nyingine inayohitaji kipimo cha pekee. Usibahatishe, mpelekee msukaji mota.

Pima ukinzani wa kihami kwa megga ya volti 500, kila koili kwa mwili wa mota. Chini ya megaomu 1, usiiwashe. Ikaushe au ipeleke kwa msukaji. Ondoa kwanza nyaya za inveta au softi stata kabla ya kupiga megga, la sivyo utaua kifaa ghali kwa kipimo cha sekunde chache. Na kwenye inveta yenyewe kumbuka: umeme huingia R, S na T, mota hufungwa U, V na W. Ukipeleka TANESCO kwenye U, V, W, inveta imekwisha.

Vumbi na mwinuko

Jiji la Dodoma liko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Singida ni juu zaidi, karibu 1,500. Mota na inveta nyingi hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza vibaya. Kwa inveta, watengenezaji wengi hupunguza asilimia 1 kwa kila mita 100 za ziada. Kwa Dodoma ni kidogo. Kwa Singida, kwenye mota inayofanya kazi mwisho wa uwezo wake mchana kutwa, ni tofauti ya kuhesabu.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Upepo wa kiangazi, unga wa kinu na mafuta ya alizeti vikichanganyika hufanya utando juu ya sumaku ya kontakta. Sumaku haigusani vizuri, kontakta inanguruma, koili inapata joto na hatimaye inaungua. Boksi liwe angalau IP54 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), glendi zote, yaani vibanio vya kebo inapoingia boksini, zibane kebo, na matundu yasiyotumika yazibwe. Safisha kwa brashi na mashine ya kunyonya vumbi. Hewa ya kompresa husukuma vumbi ndani zaidi. Usipige msasa kontakti za fedha. Zikiwa zimeliwa, badilisha.

Hatua ya nane: kurudisha umeme

Zima breka ya mota, washa ya kontroli peke yake. Bonyeza kuwasha, sikiliza. Kontakta ivute safi na ikae. Bonyeza kuzima, iachie. Bonyeza dharura. Bonyeza kitufe cha kujaribu cha ovalodi, iachie. Kwa sta-delta, tazama mfuatano: kuu na sta, kisha sta inaachia, kisha delta inashika. Haya yote mota haijasogea hata kidogo.

Kisha toa mkanda, washa breka ya mota, gusa kitufe mara moja tu uone upande inaozunguka. Ukiwa sawa, rudisha mkanda, weka mzigo, na pima ampea za fezi zote tatu kwa mita ya klempu. Ziwe karibu sawa na zisizidi kibati. Fezi moja ikiwa chini sana ya wenzake, zima. Usiikaze ovalodi ili ivumilie. Rudi kwenye nyaya nene ukatafute skrubu iliyolegea, kontakti iliyoliwa au fezi dhaifu kutoka nje.

Safisha mchoro wako kwenye karatasi mpya: saketi ya nguvu upande mmoja, kontroli upande wa pili, namba za waya, volti za koili, ampea ulizoweka kwenye ovalodi na ampea ulizopima, pamoja na tarehe. Uweke ndani ya mfuko wa plastiki, ubandike nyuma ya mlango wa paneli, na upige picha moja ubaki nayo kwenye simu.